Jina lako ndani ya kompyuta: maandishi ni nini, namba tupu ni nini

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya ndagala. Nataka tuongee juu ya jina: jina lako, la mama yako, la mtoto wako, wakati linapoingia ndani ya ordinatere, au kompyuta, kama wanavyosema ndugu zetu wa Kigoma.

Mtu aliyekimbia vita ameacha nyumba, ameacha shamba la muhogo, mbuzi wamekwenda na wengine. Mara nyingi anachobaki nacho ni jina. Lipo kwenye kadi ya mpiga kura, lipo pia kwenye orodha. Yakifanana, anapata jetoni, na kwa jetoni anapata unga, mafuta na turubai. Yasipofanana, anaambiwa: mama, simama kando kwanza.

Kazi yangu ya kufuata habari imenisimamisha mara nyingi pembeni ya mistari hiyo. Siku moja, kwenye ugawaji mmoja ambao sitautaja, orodha ilikuwa imebandikwa ukutani. Amisi alikuwa sawa. Asukulu alikuwa sawa. Etabo sawa. Lakini palipotakiwa kusomeka Désiré, palikuwa na Désiré. Hélène alikuwa Hélène. Noëlla alikuwa Noëlla. Na M’munga, jina ambalo hapa Fizi hata mtoto wa shule analiandika, lilikuwa M’munga. Kwa anayenisikiliza redioni: mahali pa ile é yenye kialama juu palikuwa na herufi kubwa A yenye kiwimbi kichwani, na nyuma yake c ndogo ndani ya duara. Karani alitazama kadi, akatazama ukuta, akatikisa kichwa. Mama mmoja alikaa kando mpaka jua likaingia nyuma ya milima.

Watu walisema mengi. Karani amelewa. Majina yameuzwa. Mashini imelogwa. Mimi nilikwenda kuuliza vijana wanaojua kuandika programu, kisha nikasoma mwenyewe. Nikakuta kwamba hakuna mtu aliyekosea hata herufi moja. Aliyeandika majina kwenye simu ya sensa aliandika vizuri, na namba zilizowekwa ndani ya mashini zilikuwa nzima. Yalipotea mapatano ya namna ya kuzisoma.

Gunia lisilo na karatasi

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu, na inazipanga kwa vipande vidogo vinavyoitwa baiti. Kila baiti moja inabeba namba kati ya 0 na 255, basi. Picha ni baiti. Sauti yangu unayoisikia redioni ni baiti. Jina lako nalo ni baiti. Ukizitazama hivyo zilivyo, huwezi kujua ipi ni sauti na ipi ni jina.

Ni kama gunia linaloshuka bandarini Baraka bila karatasi juu yake. Ndani kuna kitu cheupe, laini. Inaweza kuwa unga wa muhogo, inaweza kuwa chokaa. Hakuna mama atakayepika fufu kwa kukisia. Atauliza kwanza: hii ni nini, na imetoka kwa nani?

Ili baiti ziwe maandishi, lazima watu wapatane. Wamarekani walipatana mwaka wa 1963 kwa jedwali linaloitwa ASCII, lenye nafasi 128. Humo herufi kubwa A ni namba 65. Kiingereza kilitosha ndani yake, lakini é haikupata kiti. Baadaye watu wa Ulaya walitumia nafasi 128 zilizobaki, kila mmoja kwa lugha yake. Kwenye jedwali la Kifaransa, namba 233 ni é. Kwenye jedwali moja la Kirusi, namba hiyo hiyo 233 ni herufi nyingine kabisa, na kwenye la Kigiriki ni nyingine tena. Gunia ni lile lile, kila bandari inalisomea jina lake.

Ndipo ikaja Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1991, ikitaka kila herufi ya kila lugha ipate namba yake moja duniani. Mwaka wa 1992 Ken Thompson na Rob Pike walitengeneza namna ya kuziandika namba hizo kwa baiti, inayoitwa UTF-8. Katika UTF-8, herufi za ASCII zinabaki baiti moja moja kama zamani, lakini é inachukua baiti mbili: 195 na 169. Kwa hiyo Désiré ana herufi 6 na baiti 8.

Sasa mwone mchezo wenyewe. Simu ya sensa iliandika kwa UTF-8: 195, 169. Kompyuta iliyochapa orodha ilidhani inasoma jedwali la zamani la Ulaya. Humo 195 ni ile A yenye kiwimbi, na 169 ni ile c ndani ya duara. Mashini ilisoma kwa uaminifu kabisa, ila ilisoma kwa mapatano ya watu wengine.

Kwa nini Kiswahili kinapita na majina yetu yanakwama

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kongo kuliko wengi, na sababu yake ni rahisi. Kiswahili tunachoandika leo hakina vialama juu ya herufi. "Habari ya asubuhi" inaingia yote ndani ya zile nafasi 128 za ASCII. Fundi wa Nairobi au wa Dar es Salaam anaweza kutengeneza programu ya orodha, akaijaribu kwa Kiswahili mwezi mzima, na asione kasoro. Fundi wa London vilevile.

Sisi tunaongea Kiswahili na Kibembe, lakini ubatizo na shule vilitupa majina ya Kifaransa, na Kibembe kina majina yenye mkato katikati, kama M’munga. Mkato huo nao una sura mbili: ule ulionyooka, ambao ni namba 39 ya ASCII, na ule uliopinda, ambao programu nyingi za kuandikia barua huuweka zenyewe bila kukuuliza. Uliopinda unachukua baiti tatu katika UTF-8. Hata kwenye mesaji za simu una gharama yake: mesaji moja inabeba herufi 160, lakini ukiingiza humo mkato mmoja tu uliopinda, mesaji nzima inabadilishwa namna ya kuandikwa na nafasi zinashuka hadi 70. Uniti zako zinakwenda, na wewe unadhani kampuni imekuibia.

Kwa hiyo kasoro inalala kwenye meza ya fundi na kuamka Fizi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali hili la lugha za kuandikia programu si la mafundi peke yao. Lugha hizo zitenganishe vipi maandishi na baiti tupu? Ukilijibu vibaya, kuna mtu atalipa, na mara nyingi si yule aliyejibu.

Karani anayepokea kila kitu, na karani anayeuliza

Lugha za zamani, kama C iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hazitenganishi. Kwake maandishi ni safu ya baiti tu. Ni kama karani wa bandari anayepokea kila gunia na kulitia ghalani bila neno. Kazi inakwenda haraka, mpaka siku ya kupika.

Lugha ya Python, ambayo vijana wengi wanajifunza sasa, ilikuwa na tabia ya katikati. Toleo lake la pili liliruhusu kuchanganya baiti na maandishi, na lenyewe likakisia kwamba ni ASCII. Ukiwa na majina kama Amisi na Etabo, yote yalikwenda. Siku Désiré alipoingia, programu ilianguka, au ilipitisha baiti zake kimya hadi zikasomwa vibaya mbele ya safari. Tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka wa 2008 toleo la tatu lilitoka na sheria mpya: maandishi ni aina yake, baiti ni aina yake, na huwezi kuziunganisha. Ukitaka kutoka baiti kwenda maandishi, useme wazi, kwa mapatano gani.

Mafundi walilalamika sana. Programu nyingi ziliandikwa upya, na toleo la pili liliagwa rasmi mwanzoni mwa mwaka wa 2020, zaidi ya miaka 11 baadaye. Malalamiko mengine yalikuwa ya haki. Kwa mfano, kwenye Linux jina la faili linaweza kuwa safu ya baiti karibu yoyote, hata isiyosomeka kama herufi. Lugha inayosema kila jina la faili ni maandishi safi inasema uongo, na Python ililazimika mwaka wa 2009 kuweka mlango wa pembeni kwa majina ya namna hiyo. Lugha ya Rust, iliyofikia toleo la kwanza mwaka wa 2015, iliweka aina ya maandishi ambayo lazima iwe UTF-8 sahihi, aina ya baiti, na aina nyingine kwa majina ya faili. Wengine wanaona ni sheria nyingi mno.

Kijana mmoja fundi aliniambia neno ambalo sijalisahau. "Mzee, ugawaji ni kesho saa mbili asubuhi. Sasa ni saa tano ya usiku. Programu inasimama na kusema haielewi baiti moja katika jina moja. Watu wote wakose orodha kwa sababu ya jina moja? Afadhali jina bovu kuliko kukosa karatasi."

Neno lake lina uzito, na sitalidharau. Njaa haingoji usafi wa herufi. Lakini nilimjibu hivi: programu inaposimama saa tano ya usiku, mbele yake kuna wewe, unaijua, una mkono wa kuitengeneza. Inaponyamaza, kasoro inatembea usiku kucha, na asubuhi inamkuta mama aliyesimama na mtoto mgongoni, asiyejua baiti ni nini, asiyeweza kurekebisha lolote. Mzigo wa kuuliza lazima ubebwe na mtu mmoja. Lugha inayokataa kuchanganya inaubebesha aliye na nguvu za kuubeba.

Na kuna kusimama kwa namna mbili. Programu nzuri haitupi orodha yote. Inaweka kando jina moja lenye shaka, pamoja na baiti zake kama zilivyofika, na kumwambia karani: hili uliangalie. Mengine yanachapwa.

Kuharibika kunakopona na kusikopona

Hapa kuna jambo ambalo familia zinapaswa kulijua. Désiré ni mgonjwa, lakini anapona. Baiti zake zote zipo; ukizisoma tena kwa mapatano sahihi, jina linarudi lote. Kuna programu nyingine zinazokutana na herufi zisiyoijua na kuweka alama ya kuuliza: D?sir?. Huyo hapone. Ile é imetupwa, na mahali pake pamewekwa alama ambayo haikumbuki chochote. Vivyo hivyo programu inayokata jina ili litoshe kwenye nafasi yake kwa kuhesabu baiti. Mkate Désiré kwenye baiti ya 7, nawe umeipasua é ya mwisho katikati.

Wapo pia makarani wanaoondoa vialama vyote na kuandika Desire. Nawaelewa. Kutafuta kwa namna hiyo kunasaidia, hasa jina linapovuka ziwa kwenda ofisi inayofanya kazi kwa Kiingereza, yenye kibodi isiyo na é. Familia nyingi za Fizi zimegawanyika tangu vita vya 1996, mwaka ambao kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa upande wa Tanzania. Mtoto ni Desire huko, baba yake ameandika Désiré huku. Tafuta bila vialama, ndiyo, ili mkutane. Lakini lililoandikwa na mwenyewe libaki pia, kwa sababu ndilo lililo kwenye kadi.

Na hata mapatano yakiwa mamoja, é yenyewe inaweza kuandikwa kwa namna mbili ndani ya Unicode: kama herufi moja, namba 233, au kama e ya kawaida inayofuatwa na kialama chake, namba 769. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa mashini inayolinganisha baiti kwa baiti ni watu wawili. Programu inayojua kwamba imeshika maandishi inaweza kuzisawazisha kwanza. Inayodhani imeshika baiti tu itamkana mtu mbele ya kadi yake.

Sauti nayo inataka heshima yake

Nisije nikasema maandishi ndiyo yanayoonewa peke yake. Baiti tupu nazo zinaumia zikidhaniwa maandishi. Zamani, na hata sasa mahali pengine, namna ya kutuma faili ilikuwa na njia mbili: njia ya maandishi na njia ya baiti. Kwenye Windows mwisho wa mstari huandikwa kwa baiti mbili, 13 na 10. Kwenye Unix ni 10 peke yake. Njia ya maandishi ilibadilisha moja kuwa nyingine, kwa nia nzuri. Lakini tuma sauti au picha kwa njia hiyo: kila 10 iliyomo, ambayo si mwisho wa mstari wowote bali ni kipande cha sauti ya mtu, inabadilishwa. Faili inafika, haifunguki.

Waliotengeneza namna ya picha iitwayo PNG, mwaka wa 1996, waliweka mtego kwenye baiti nane za kwanza. Ya kwanza ni 137, na baadaye humo humo kuna 13 na 10, kisha 26, kisha 10. Mtu yeyote njiani akiichukua picha kama maandishi, baiti hizo zinavurugika, na mpokeaji anajua mara moja. Picha inatembea na karatasi yake kwenye paji la uso. Barua za intaneti nazo, tangu mwaka wa 1992, zina mstari unaotaja ndani kuna nini na kwa mapatano gani pasomwe.

Orodha zetu nyingi hazina mstari huo. Zinatembea kwenye flashi, kutoka mashini hadi mashini, zikiwa gunia bila karatasi. Na hata Python ya tatu, pamoja na ukali wake, kwa miaka mingi imekuwa ikifungua faili kwa kufuata mazoea ya kompyuta iliyopo, usipoiambia. Kwenye Windows ya Kifaransa inaweza kukusomea Désiré bila kupiga kelele. Kutenganisha aina mbili kunakulazimisha upite mlangoni. Bado ni mtu anayepaswa kujibu swali la mlangoni.

Tufanye nini

Kwako mama, kwako baba uliye kwenye mstari: ukiona ndani ya jina lako ile A yenye kiwimbi, usikubali kuambiwa kwamba wewe si mtu wa orodha. Sema kwa heshima: karani, hili jina halijafutwa, limesomwa vibaya, tafadhali lifungueni tena kwa UTF-8. Ukiona alama za kuuliza, omba waangalie orodha ya kwanza, ile ya sensa, kwa sababu ya pili haiwezi kupona. Na usikubali kuandikishwa upya kabla hawajaangalia, kwa maana kesho utaonekana watu wawili.

Kwako karani: faili inapofika, ifungue kwanza mahali penye é. Kama Désiré amefika salama, wengi wamefika. Juu ya kila orodha unayotuma, andika imeandikwa kwa mapatano gani. Weka ya kwanza ilivyofika, usiiguse. Fanya kazi kwenye nakala.

Kwenu vijana wa programu, wa Baraka, wa Uvira na popote mlipo: msijaribu kazi zenu kwa "Habari ya asubuhi" peke yake. Jaribuni kwa Noëlla na kwa M’munga mwenye mkato uliopinda. Baiti zikiingia, uliza ni nini kabla ya kuziita jina. Zikitoka, sema umeziandika vipi. Katikati, shika maandishi kama maandishi. Lugha inayokukatalia kuchanganya haikuchukii. Inakuuliza usiku ili mama asiulizwe asubuhi.

Yule mama aliyekaa kando alipata jetoni yake siku ya pili, baada ya mtu mmoja kufungua faili ile ile kwa mapatano yake ya kwanza. Haikuandikwa herufi hata moja upya.

Kutoka Kazimia, mwandishi wenu.